Kugeuza Mililita Kuwa Vikombe vya Jikoni

Maelekezo mengi ya mapishi hutaja maziwa na maji kwa mililita, ilhali mpishi wa Uyole au Mafinga huwa na kikombe na kijiko tu. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya, lakini ni lazima kwanza ujue kikombe kinachokusudiwa. Kikombe cha metriki ni mililita 250, yaani robo lita ile ile tunayoizoea tunaponunua mafuta ya alizeti. Kikombe cha Marekani ni takriban mililita 237, na cha Japani ni 200. Ikiwa maelekezo yako yameandikwa kwa mililita, tumia 250 na usichanganye vipimo.

Tuseme keki inahitaji mililita 600 za maziwa. Toa vikombe viwili, ambavyo ni 500, zibaki 100. Kijiko cha chakula kikiwa mililita 15 na cha chai 5, salio hilo ni vijiko sita vya chakula na viwili vya chai. Njia hii ya kugeuza salio kuwa vijiko ni salama kuliko kukisia sehemu ya kikombe kwa macho.

Kazi kubwa ni kukipima kikombe chako, kwa kuwa vikombe vya bati na vya udongo hutofautiana sana. Nunua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Ukiijaza upya hadi mdomoni itazidi mililita 500. Gawa maji yote katika bilauri mbili zinazofanana, ziwe mezani palipo sawa, mpaka vina vilingane, kisha utie alama ya 250. Ukitaka uhakika zaidi, bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, hupatikana duka la dawa: ukilijaza mara 25 umepata kikombe kimoja, na hilo hilo litakuonyesha kama vijiko vyako ni vya kweli.

Mizani haifai kwa kila kimiminika. Mililita 250 za maji zina uzito wa gramu 250, lakini za mafuta hukaribia gramu 230 tu, na za maziwa huzidi kidogo 255.

Maziwa mabichi ya Rungwe yapimwe yakiwa yamekwisha chemshwa na kupoa, kwa sababu povu hudanganya macho na sehemu ya maji hupotea kwa mvuke.