Jinsi ya Kuigiza Mjinga Anayependwa na Watazamaji

Anayetaka kuigiza mjinga jukwaani amtazame kwanza Arlecchino, mtumishi wa michezo ya kuigiza ya Italia iliyoanza katika karne ya 16, ambaye huvaa nguo za viraka, huchomeka fimbo kiunoni na hana wazo linalovuka mlo wake ujao. Watazamaji humpenda kwa sababu haifichi njaa yake, na pia kwa sababu wao wameshajua jambo ambalo yeye bado hajaling'amua. Kwa hiyo wape siri hiyo kabla mjinga wako hajaingia. Mpe haja moja tu, aifuatilie kwa akili yake yote. Katika kichekesho kimoja mashuhuri, Arlecchino humnyemelea nzi, humkamata, humng'oa mabawa, kisha humla kwa utulivu wa bwana aliyeketi karamuni. Usiharakishe hapo, maana kicheko hutokana na uangalifu wake, si makelele. Mwigizaji anayewakonyeza watazamaji ili wajue kwamba yeye si mjinga kweli huniudhi, kwani huuvunja mchezo mzima. Mjinga wako anapopigwa na bwana wake, na lazima atapigwa, ainuke upesi akiwa mzima na kuulizia tena chakula.