Namna ya kutibu kutu kwenye rili kuukuu za kuvulia samaki

Rili kuukuu (vile vifaa vya kukunjia mshipi wa kuvulia) zinazofika kwenye meza yangu hapa Nairobi ni za aina mbili. Kuna za mito ya samaki aina ya trauti, kama zile za kampuni ya Hardy, zilizovua Gura na Sagana. Hizi mara nyingi zimekaukiwa na grisi tu. Halafu kuna za bahari, hasa modeli ya Penn Senator, zilizofanya kazi Watamu au Malindi kisha zikapandishwa huku zikafungiwa kabatini miaka na miaka. Hizo ndizo zenye kazi. Chumvi ilipanda nazo, ikajificha chini ya pete za chuma za ubavuni na ndani ya matundu ya skrubu, na kila masika inavuta unyevu hewani na kuanza kula upya. Kazi yetu ni kuitoa chumvi hiyo na kuokoa chuma kilichobaki. Mng'aro si lengo.

Hatua ya 1: Maji kabla ya mafuta

Wengi huanza kwa kupuliza mafuta. Usifanye hivyo. Chumvi huyeyuka kwa maji. Ukitanguliza mafuta unaifunikia ndani. Toa mshipi wote, kisha loweka rili katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo. Badilisha maji mara mbili tatu, halafu ikaushe vizuri. Usitumie maji ya moto sana, kwani yanafifisha bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi ya ubavuni.

Hatua ya 2: Skrubu

Hapa ndipo rili nyingi huharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu wote, upana na kina. Ikicheza hata kidogo, inoe kwa tupa mpaka ikae sawa. Tia tone la mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila kichwa, uache hadi kesho yake.

Ikigoma, gusisha ncha ya chuma cha kulehemu, vile vya mafundi wa redio vinavyouzwa Luthuli Avenue, kwenye kichwa cha skrubu kwa muda mfupi. Joto huitanua, na ikipoa inajibana na kuvunja kutu iliyoishika. Tia mafuta tena. Anza kwa kuikaza kidogo sana, ndipo uifungue. Skrubu iliyo karibu na bakelaiti uipashe moto kwa uangalifu, kidogo kidogo.

Kwenye Senator, kumbuka ile skrubu ndogo inayozuia nati ya mkono wa kuzungushia: itoe kwanza, ndipo ushike spana. Piga picha kwa simu kila unapotoa kipande, na uvipange kwa mfuatano kwenye trei ya mayai. Fungulia ndani ya beseni, maana springi hurukia mbali.

Hatua ya 3: Soma rangi

Dawa ya metali moja ni sumu kwa nyingine.

*Kutu nyekundu* ni ya chuma. Loweka kipande katika siki nyeupe, ukikague mara kwa mara, sugua kwa brashi ya meno, suuza, kausha, paka mafuta papo hapo. Ukichelewa kitashika kutu tena.

*Kijani au samawati* ni shaba. Siki inafaa, lakini kwa dakika chache tu. Ukiisahau humo, zinki iliyomo kwenye shaba ya njano hutoka na uso unabaki wa rangi ya waridi. Kama kijani kinachomoza kwenye vitundu vya kromu iliyopakwa juu ya shaba, usizamishe kabisa: siki itapenya na kuinua kromu nzima. Chukua pamba kwenye kijiti, futa tundu moja baada ya jingine, kisha suuza. Madoa ya kutu juu ya kromu yasugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Palipobanduka pameshabanduka, msasa utapanua kidonda tu.

*Unga mweupe* ni alumini. Hapo siki na magadi vikae mbali kabisa, maana vyote viwili huila. Tumia sabuni, brashi laini na kijiti cha mwanzi kukwangua pembeni.

Hatua ya 4: Kufunga

Paka utando mwembamba wa grisi ya boti chini ya pete, kwenye gia na kwenye uzi wa kila skrubu. Alumini inapogusana na shaba au chuma penye maji ya chumvi, ndiyo inayoliwa, grisi inazitenganisha. Beringi zinatosheka na tone la mafuta ya cherehani. Washa (vile visahani) za breki zilizotengenezwa kukaa kavu zisiguswe na mafuta.

Legeza breki kabla ya kuiweka rili, na uihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki. Mvua za masika zikiisha, itoe na uchunguze ukingo wa pete: ukiona nukta mpya ya kijani, kuna chumvi iliyosalia, na rili hiyo irudi kwenye maji.