SOMO: Kuchagua suti ya joto inayoelea kwa ajili ya kuvua samaki kwenye barafu

Wakuu, kila Novemba maziwa yakianza kuganda, maswali ni yale yale: nivae nini, suti ya dola 400 ina tofauti gani na koti langu, ipi nzuri. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu. Nazungumzia Minnesota kwa sababu wengi wetu tuko huku, na maziwa kama Mille Lacs, Upper Red na Lake of the Woods, ambako watu huburuta vifaa mbali na ufukwe kufuata samaki aina ya walleye.

Hatua ya 1: Barafu kwanza, nguo baadaye. DNR, yaani Idara ya Maliasili ya Minnesota, inataka angalau inchi 4 za barafu mpya iliyo safi kwa anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili. Suti haibadilishi hesabu hiyo.

Hatua ya 2: Soma lebo ujue unanunua nini. Dukani kuna aina tatu, na zikitundikwa pamoja zinafanana. Ya kwanza ni suti ya baridi tu, haina kitu ndani cha kukuelesha. Ya pili ni suti ya kusaidia kuelea: ndani ina sponji ya vyumba vya hewa vilivyofungwa, au bitana maalumu isiyonyonya maji. Nyingi mnazoziona zimo kundi hili, na nyingi hazina kibali cha Walinzi wa Pwani wa Marekani kama jaketi la kuokolea. Ya tatu ina kibali hicho, na lebo yake hutaja namba ya kibali. Kama huoni namba, uko kwenye kundi la pili. Si vibaya, mradi ujue.

Mtu mzima wa kawaida akiwa majini anahitaji msaada wa ratili 7 hadi 12 tu, yaani kilo 3 hadi 5 na ushee, ili kichwa kibaki juu. Ndiyo maana sponji isiyo nene sana inaweza kuokoa maisha. Uliza pia sponji iko wapi. Kuna seti ambazo koti linaelea na suruali haielei, na kuna ambazo zote mbili zinaelea lakini zimepimwa zikivaliwa pamoja. Kununua suruali peke yake kwa kuwa imeshuka bei si akili: miguu itapanda juu, na kifua ndicho unachotaka kipande.

Hatua ya 3: Joto. Kitambaa cha nje kisipenyeze maji (kwenye kipimo cha kuzuia maji kinachoandikwa kwenye lebo, milimita 5,000 inatosha, 10,000 ni bora), mishono izibwe kwa utepe kwa ndani, na magoti na makalio yawe na kitambaa kigumu kwa sababu utapiga magoti sana. Bitana ya gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba inatosha watu wengi, kwa kuwa joto lingine linatoka kwenye nguo za chini: ya kwanza mwilini sufu ya merino au poliesta, ya pili flisi, yaani nguo laini yenye manyoya bandia. Pamba usivae kabisa, hata soksi. Ikishika jasho haikauki, na inanyonya joto la mwili siku nzima.

Hatua ya 4: Saizi. Watu hununua saizi mbili juu "ili nivae nguo nyingi ndani". Jedwali la saizi la mtengenezaji kwa kawaida tayari limeacha nafasi ya nguo za ndani. Koti kubwa kupita kiasi linaelea bila wewe: linapanda hadi masikioni, mwili unabaki chini. Vaa flisi, vaa suti, funga zipu yote, kaza kamba ya kiunoni, kisha mwambie mtu ashike mabega ya koti avute juu kwa nguvu. Likipita kidevu, rudisha dukani. Halafu kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na unyooshe mikono mbele: mgongo usiachwe wazi, na mikono ya koti isirudi nyuma ya kifundo cha mkono.

Hatua ya 5: Namna ya kuivaa wakati wa kutembea. Someni hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo suti nzuri inapogeuka mzigo usio na kazi.

Hatari kubwa ya kutumbukia ipo wakati unatembea, si wakati umekaa kwenye shimo ulilokwisha kupima. Na wakati wa kutembea ndipo unapoburuta sleji yenye hema, hita na kekee ya kutobolea barafu, unatoka jasho ndani ya dakika chache. Basi mtu anafungua zipu yote, au anavua koti na kulitupa juu ya sleji. Barafu ikipasuka, koti lililo wazi linatawanyika pembeni ya mwili na kupanda mabegani, na lililo kwenye sleji halina habari nawe.

Fanya kinyume: punguza nguo za ndani, usiguse suti. Ondoka ufukweni ukiwa na nguo ya kwanza tu chini ya suti, na flisi iwe kwenye mfuko usiopenyeza maji. Zipu kuu ifungwe hadi kifuani. Fungua zipu za makwapa na za pembeni mwa mapaja, hizo zipo kwa kazi hiyo. Dakika 5 za kwanza utahisi baridi, na ndivyo inavyotakiwa. Tembea taratibu, piga barafu kwa mtaimbo mbele yako. Ukifika, toboa shimo, pima unene, ndipo uvae flisi kabla mwili haujapoa.

Tahadhari: 
- Begi lenye mkanda wa kifuani usilifunge juu ya koti. 
- Kurudi jioni ni vilevile. Mtu amechoka, koti liko begani, na njia ni ile ile ya asubuhi ila jua limeshaipiga. 
- Kibandani kwenye hita, ukitoka nje hata kuangalia mshipi mmoja, vaa koti na ufunge.

Hatua ya 6: Vishikio vya barafu. Vijiti viwili vyenye ncha ya chuma, vikae juu kifuani, kimoja kila upande. Mfukoni mwa suruali havifikiki. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, kwa sababu barafu ile ilikuwa imekubeba. Chomeka ncha, piga miguu hadi mwili ulale, jivute, kisha bingirika; usisimame. Suti inasaidia hapa pia, kwani inaleta nyonga juu.

Hatua ya 7: Ijaribu majini kabla ya msimu. Bwawa la kuogelea likikuruhusu, au ziwani Julai, maji ya kifuani, na mwenzako amesimama karibu na jaketi la kuokolea. Vaa kila kitu, na buti. Lala chali: kidevu kiko juu? Miguu inapanda kuliko kichwa? Unaweza kugeuka kifudifudi na kupiga miguu? Usikae muda mrefu, utapata joto kali mno. Suuza kwa maji baridi, itundike mpaka ikauke kabisa.

Hatua ya 8: Kutunza. Fuata lebo, bila dawa ya kulainisha nguo, bila mashine ya kukaushia yenye moto mkali, bila kuikandamiza chini ya masanduku gereji.

---

MASWALI

Kibuyu77: Mkuu nina koti zito la kazini, la manyoya ya bata. Si litaelea?

Jibu: Kwa muda mfupi, kwa hewa iliyonaswa ndani. Hewa ikitoka, limekwisha. Hatua ya 2.

Mzee_wa_Duluth: Weka linki ya nzuri kuliko zote.

Jibu: Siweki. Sijui kimo chako, uzito wako wala kama unatembea au unapelekwa na gari. Soma hatua ya 2 hadi ya 4, chagua mbili, rudi nazo hapa tuzilinganishe.

DadaZawadi: Hiyo sponji inaleta joto pia au ni ya kuelea tu? Nauliza kwa sababu suti moja imeandikwa gramu 60 tu za bitana lakini muuzaji anasema inatosha.

Jibu: Swali zuri, dada. Sponji ya vyumba vilivyofungwa ni hewa iliyofungiwa, na hewa isiyotembea ndiyo inayozuia joto lisitoke. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuwa sahihi, ila kwa sehemu zenye sponji tu. Papasa suti: mara nyingi sponji iko kifuani na mgongoni, mikononi hakuna. Gramu 60 mikononi ni kidogo ukikaa nje bila hema, basi vaa flisi yenye mikono mirefu, usivae kizibao. Faida ya pili ni kwamba sponji haisinyai ukiikalia, tofauti na manyoya. Hasara: haipumui. Ndiyo maana nimesisitiza zipu za makwapa.

Nahodha_Kavu: Haya ni matangazo ya biashara. Nimevua misimu yote na nguo za kawaida, barafu ya inchi 12, sijaona hatari.

Jibu: Siuzi kitu, na sijataja kampuni hata moja. Inchi 12 ulipima pale ulipotoboa. Unene haulingani ziwa zima: chemchemi, mdomo wa mto, mlango kati ya ghuba mbili, na mipasuko mirefu inayojikunja kwenye maziwa makubwa, kote huko barafu inaweza kuwa nyembamba. Hatujadili ujasiri wako, tunajadili dakika. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amefundisha kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu yenye nguvu ya maana, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Asiyeelea hufa kwenye zile za mwanzo.

Nahodha_Kavu: Sawa, lakini hiyo saa 1 si inaonyesha kuna muda?

Jibu: Saa 1 ni ya anayeelea.

Baba Imani: Shikamoo mkuu. Sina uwezo wa dola 400 mwaka huu. Niache kwenda?

Jibu: Marahaba. Usiache. Chukua jaketi la kuokolea la sponji, lile la kawaida la kwenye mtumbwi, livae juu ya koti ulilo nalo na ulifunge. Lenye kibali kwa mtu mzima kwa kawaida lina ratili zisizopungua 15.5 za kuelesha, na kwa kawaida hizo ni zaidi ya za suti ya kusaidia kuelea. Ongeza vishikio na kamba ya kurusha. Jambo moja: lisiwe la kujijaza gesi. Kwenye baridi kali mtungi hujaza polepole au kwa upungufu, na watengenezaji wengi wanaonya lisitumike kwenye baridi ya kugandisha. Suti iliyotumika pia ni njia. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, hasa mabegani na makalio. Ikibaki na shimo, imechoka, iache.

MamaTwins_StCloud: Watoto wangu wana miaka 6. Nimeona suti za watoto zinazoelea.

Jibu: Ni nzuri kwa joto, dada, lakini kwa umri huo ongeza juu yake jaketi la kuokolea la saizi ya uzito wao, lenye mkanda wa katikati ya miguu. Suti ya kusaidia haimgeuzi mtoto uso ukaangalia juu. Na usiwanunulie saizi ya mwaka ujao. Rudi hatua ya 4.

Pilkki_Tampere: Niko Ufini. Lebo yangu inasema ISO 12402-5 na 50 N. Ni sawa na hizo za huko?

Jibu: Hongera, una kitu kilichopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha vifaa vya kusaidia kuelea. Newton 50 ni kama kilo 5 za kuelesha. Ni kwa mtu anayejimudu majini na aliye karibu na msaada. Akizimia, haimgeuzi chali. Ndiyo maana usiende peke yako.

Kibuyu77: Kwa hiyo nikiwa kwenye gari juu ya barafu navaa pia?

Jibu: Swali hili ni zuri, Kibuyu. Gari likizama, kinachoelea kinaweza kukubana kwenye dari badala ya kukutoa. DNR yenyewe, inaposhauri kuvaa jaketi la kuokolea barafuni, inaondoa ndani ya gari. Mkanda usifunge, vioo viteremshwe, endesha polepole. Koti liwe mapajani, ulivae ukishuka.

DadaZawadi: Zipu ikiganda mnafanyaje?

Fundi_Mtaimbo: Nidakie hapo. Paka nta ya mshumaa kwenye meno ya zipu ukiwa nyumbani, ikiwa kavu. Ikishaganda usivute kwa nguvu, ifunike kwa kiganja dakika moja. Velkro ikijaa barafu ichambue kwa mswaki mkavu.

Jibu: Asante fundi. Naongeza: zipu isikauke karibu na hita. Kitambaa cha nje mara nyingi ni nailoni, kinayeyuka kabla hujasikia harufu, na tundu dogo begani linaingiza maji kwenye bitana. Kaa mbali na hita angalau mkono mmoja. Hema liwe na tundu la hewa chini na juu, na king'ora cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye hita) chenye betri kikae ndani ya koti mpaka ufike, maana betri ikipoa sana huzima.