Kusoma majibu ya kingamwili za homa ya Crimea-Kongo: anza na tarehe

Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa maabara na wodi. Virusi vya homa hii, vilivyopatikana mwaka 1956 kwa mgonjwa wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, huenezwa na kupe, hasa wa jamii ya Hyalomma, au kwa kugusa damu ya mnyama au mtu aliyeambukizwa.

Hatua ya 1: Tafuta siku homa ilipoanza. Siku ya kuumwa na kupe wengi hawaikumbuki, na mchinjaji aliyeambukizwa kwa damu ya mnyama huenda hakuumwa na kupe kabisa. Fomu isiyo na tarehe ya dalili huwa nairudisha wodini, hata wakinuna.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kwa kufuata siku hiyo. Siku za mwanzo virusi vimejaa kwenye damu na kingamwili bado, kwa hiyo omba PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe. Kwa ELISA, kipimo cha kingamwili, IgM (kingamwili za muda) na IgG (kingamwili za kudumu) huanza kuonekana mnamo siku ya 6 hivi. IgM hasi siku ya 3 haimwondoi mtu kwenye orodha ya washukiwa.

Hatua ya 3: Mtazame mgonjwa kabla ya kuliamini jibu. Hapa ndipo watu huteleza. Anayepona hutengeneza kingamwili. Anayezidiwa, anatoka damu na chembe sahani (za kugandisha damu) zimeporomoka, anaweza kufariki bila kuwa na kingamwili za kupimika. Mahututi wa siku ya 9 akiwa na IgM hasi, usidhani hana ugonjwa huu. Rudia PCR, na asitoke kwenye chumba cha kutengwa.

Hatua ya 4: Chukua damu ya pili baada ya wiki 2 au 3. IgG ikigeuka kutoka hasi kuwa chanya, au kiwango chake kikipanda mara 4 au zaidi, maambukizi ni ya karibuni. Lakini pima sampuli zote mbili siku moja, kwenye sahani moja ya kupimia ya ELISA. Ukilinganisha jibu la leo na la mwezi jana, unaweza kuwa unapima tofauti ya vifaa tu.

Hatua ya 5: Soma IgM na IgG pamoja. IgM huweza kudumu hadi miezi 4. IgG hubaki kwa miaka. Mfugaji mwenye homa, IgG chanya na IgM hasi, huenda aliambukizwa zamani na leo anaumwa malaria. Mpime malaria pia!

Ng'ombe na mbuzi hawaonyeshi ugonjwa, na virusi hukaa kwenye damu yao kama wiki moja tu. IgG yao ndiyo hutuonyesha virusi vimepita wapi, hata pale ambapo hakuna mgonjwa aliyeripotiwa.

Na seramu ya mgonjwa (majimaji yanayobaki damu ikiganda) usiifungue mezani kama ya kipimo cha sukari. Ifungashe kwa tabaka tatu, iende maabara ya rufaa. Kwa Uganda, ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi, Entebbe.