Jinsi ya kusoma kipimo cha DAO bila kujichanganya

Watu wanapewa karatasi ina namba ya DAO alafu wanaachwa hivyohivyo, kwahiyo tuanzie hapo. DAO ni daiamini oksidesi, kimeng'enya cha kuvunja histamini (kemikali iliyopo mwilini na kwenye baadhi ya vyakula, ikizidi inaleta dalili kama za mzio), na kwenye utumbo mdogo kinatengenezwa na seli zilizokomaa pale nchani mwa vijinyweleo vya utumbo. Utando wa ndani wa utumbo ukiumia seli hizo zinaumia pia, ndo maana ukipima DAO kwenye damu unakuwa kama unachungulia utumbo bila kuukata.

Sasa kazi ipo kwenye kuisoma. Mgonjwa anayepigwa kemo (dawa kali za saratani) seli zake za utumbo zikifa zikaisha hakuna tena wa kutengeneza, DAO inashuka, na mwenye siliaki (ugonjwa wa utumbo kuharibika kwasababu ya gluteni ya ngano) ambaye vijinyweleo vimelika ni vilevile. Lakini utumbo ukikosa damu ghafla, tuseme mshipa umeziba, seli zinapasuka zinamwaga DAO iliyokuwa ndani na namba inapanda! Kwahiyo kabla hujafurahia wala kuogopa namba uliza huyu mtu anaumwa nini na kimeanza lini.

Kama daktari ataifuatilia wakati wa kemo, damu ya kwanza itolewe kabla ya dozi ya kwanza na nyingine zote ziende maabara ileile, maana watu wanatofautiana sana, mlinganishe mtu na yeye mwenyewe.

Alafu jamani semeni dawa mnazotumia na kama una mimba. Mjamzito kondo la nyuma linatoa DAO nyingi mno, inapanda mara mia kadhaa, hiyo haikwambii kitu kuhusu utumbo. Sindano ya heparini, ile ya kuzuia damu isigande, nayo inaitoa DAO kwenye utumbo inaimwaga kwenye damu. Isoniazidi ya TB inazuia DAO isifanye kazi, ndo maana wapo waliokula jodari aliyekaa bila barafu, samaki wa hivyo anajaa histamini, wakiwa kwenye hiyo dawa, uso ukawa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Usiache dawa ya TB, muache huyo samaki.

Na wale mnaopima kwasababu ya histamini kuwasumbua, namba ndogo peke yake haitoshi kukuachisha vyakula vya histamini kama nyanya na jibini, wapo wenye DAO ya chini na wanakula kila kitu vizuri tu.

Ila tumbo likikushika ghafla maumivu makali yasiyoshikika usikae kusubiri majibu ya DAO, kimbia hospitali, hapo anahitajika daktari wa upasuaji na picha ya CT ya haraka.