Kusafisha filamu ya nyeusi na nyeupe nyumbani Kigoma bila madoa wala michirizi

Watu wengi negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) ikitoka na madoa wanakimbilia kulaumu develapa, ile dawa ya kutokeza picha, eti imechacha, kumbe mara nyingi develapa imemaliza kazi yake vizuri tu na uchafu umeingia mwishoni kwenye maji na kwenye kamba ya kuanikia. Kwa hiyo kabla hujamwaga dawa ya hela yako, chukua negativu iliyokauka, iinamishe dirishani uangalie upande unaong'aa. Ukiona viduara vyeupe vyenye ukingo, pale lilikaukia tone la maji, na hayo ni madini.

Kwa sisi wa Kigoma hilo halina mjadala, maji ya bomba mjini yanavutwa Ziwa Tanganyika na yana madini, chungulia tu ndani ya birika lako la chai. Kuoshea maji ya bomba hamna shida ila suuzo la mwisho liwe maji ya betri, yale yasiyo na madini wanayouza sheli na maduka ya spea. Soma lebo jamani!! asidi ya betri inakaa shelfu hiyohiyo. Masika unaweza kukinga mvua, acha kwanza ioshe bati ndo uweke ndoo, alafu chuja.

Humo weka Photo-Flo 200, dawa ya kufanya maji yateleze yasiache matone, sehemu 1 kwa maji 200, yaani mililita 3 kwenye 600, pima na sirinji ya duka la dawa. Watu wanazidisha wakidhani maji yatateleza zaidi, matokeo yake povu na utando, na hiyo ndo michirizi yenyewe. Filamu itoe kwenye rili (kile kigurudumu inachozungushiwa ndani ya tanki) kwanza uiloweke kwenye bakuli, kama dakika moja, maana hiyo dawa ikiganda kwenye rili ya plastiki safari nyingine filamu inagoma kuingia na develapa inatoa povu. Ukiitoa usiipitishe vidole wala sponji, punje moja tu ya mchanga inakuchorea mstari kuanzia picha ya kwanza mpaka ya 36 na huo hautoki tena. Itundike, kibanio chenye uzito chini, ondoka.

Kiangazi kuna vumbi jekundu. Filamu ikiwa mbichi upande wa dawa, ule usiong'aa wenye picha, umevimba na unanata, vumbi likitua linakauka nalo. Anika bafuni, robo saa kabla mwagia maji sakafu na kuta, funga dirisha, hakuna feni, na usiwe unaingia kila saa kuchungulia.

Sasa yale yanayotoka kwenye develapa kweli. Kiduara kisafi kwenye negativu, ambacho kwenye picha kinatoka cheusi, ni povu la hewa liliganda pale dawa isifike, kwa hiyo kila ukimaliza kugeuza tanki ligonge chini mara mbili tatu. Ukingo mmoja umefifia filamu nzima? Dawa ilikuwa chache, tanki la Paterson linataka mililita 290 kwa rili moja ya 35mm. Michirizi inayoanzia kwenye vitobo vya pembeni ni ya wale wanaotikisa tanki kama wanasuka mtindi. Geuza taratibu mara 4 ndani ya sekunde 10 kila dakika inapoanza, basi. Usiliache limetulia bila kuligeuza kabisa pia, nako michirizi inakuja.

Na joto. Vipimo vingi vimeandikwa kwa nyuzi 20 wakati bomba letu liko kwenye 25 hivi, joto likipanda muda unafupika, na ukishuka chini ya dakika 5 dawa haiwahi kuenea sawasawa. Mi naona kuhangaika na nyuzi 20 ni kujitesa, bora uzimue. Filamu ya HP5 Plus kwenye develapa ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, ukizimua 1+1, yaani develapa nusu maji nusu, ni 13, na hiyo 1+1 kwenye nyuzi 24 inakuwa kama 9, muda wa kutosha kabisa. Kushusha kidogo mpaka 24, barafu ya vifuko weka kwenye beseni kuzunguka chupa, sio ndani ya dawa, na fiksa (dawa ya kuigandisha picha isiharibiwe na mwanga) na maji ya kuoshea yakae beseni hilohilo yasipishane joto.

Mabaka ya ukungu kama maziwa ni fiksa haijashiba, rudisha tu filamu kwenye fiksa mpya. Siku nyingine tumbukiza kwanza kwenye fiksa kipande cha mkia wa filamu, hesabu mpaka kiwe kisafi, zidisha mara mbili.

Na kama madoa ya madini yameshakauka, yale ya upande unaong'aa pumulia kidogo ufute na kitambaa laini. Ya upande wa dawa usiguse kikavu. Loweka filamu upya, yakigoma weka siki nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu dakika chache, osha vizuri, alafu rudi kwenye maji ya betri na Photo-Flo uanike tena.