Kuchagua heda na kuamua kuhusu hita kwenye Beetle ya Tanga

Wenye Beetle wengi wanaokuja gerejini kwangu Ngamiani wana ombi moja: "Fundi, ng'oa hita, Tanga kwenyewe joto." Joto lipo, sikatai. Lakini Beetle haina rejeta. Upepo wa feni unapoza silinda, na sehemu yake huingia kwenye maboksi ya hita yanayozunguka bomba za ekzosi za silinda namba 1 na 3, ukapata moto humo, ukapita kwenye vizingiti vya milango hadi miguuni pako. Kwa hiyo anayegusa ekzosi, au kufunga heda (seti ya bomba za ekzosi za kubadilishia zile za kiwandani), kagusa na upoaji wa injini.

Hatua ya 1: Unaendesha wapi? Kama safari zako ni Raskazone, Chumbageni na Pangani, hita huihitaji. Kama una kwenu Lushoto na hupanda mwezi wa Julai, iache. Ya kwangu ninayo bado.

Hatua ya 2: Unene wa bomba. Injini ya cc 1600 isiyochokonolewa inatosheka na heda ya inchi 1⅜. Inchi 1½ ni ya injini iliyotanuliwa, tuseme cc 1776. Bomba pana kwenye injini ndogo linapunguza kasi ya moshi, na nguvu ya mwendo wa chini inapungua, hiyo hiyo unayoitaka kwenye kona za Mombo.

Hatua ya 3: Kagua maboksi ya hita. Hapa usiwe na haraka. Siku moja napanda Lushoto na mke wangu, hita iko wazi, akalalamika kichwa kinamgonga. Nikadhani ni kona. Kufika Soni na mimi nikaanza kuona kizunguzungu. Tulisimama, tukafungua milango yote. Nilipolifungua boksi la kushoto nyumbani, bisibisi ilizama kwenye bomba la ndani kama kwenye muhogo uliooza. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hapo ilikuwa inaletwa ndani ya gari na feni yenyewe.

Hivi ndivyo ninavyopima sasa: boksi likiwa chini, ziba mdomo mmoja wa bomba la ekzosi, jaza maji, subiri dakika kumi. Yakidondoka kupitia kwenye ganda la nje, boksi hilo halirudi kwenye gari. Usikubali kuchomelewa kiraka juu ya kutu. Chumvi ya bahari imeshakula pande zote.

Hatua ya 4: Ukiitoa hita, weka bomba za J (bomba tupu za ekzosi zisizo na boksi la hita) mahali pa maboksi, kisha ziba matundu mawili ya ganda la feni yaliyokuwa yanapeleka upepo kwenye hita. Yakibaki wazi, upepo wa silinda unapotea. Bati zote za injini zirudi na mpira wake, la sivyo feni itavuta joto la ekzosi.

Hatua ya 5: Kufunga. Gasketi mpya, nati za shaba. Zote zianze kwa mkono hadi bomba likae bila kulazimishwa, ndipo ukaze, kama Nm 20 (newton-mita, kwa spana ya kipimo). Washa injini ipate moto, iache ipoe kabisa, kaza tena. Baada ya siku mbili tatu toa plagi uzitazame: zikiwa nyeupe, petroli ni kidogo, weka jeti kubwa zaidi ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) kabla hujaondoka mjini.